Benz W211 inaposumbua milimani: dalili, chanzo, na yale ambayo kiwanda kilishayakiri

Ukiwa unapanda mlima wa Kitonga, kule Iringa, na Benz ya 2004, halafu dashibodini yakatokea maandishi mekundu yanayotaja breki, usiseme utaliangalia ukifika Ipogolo, Iringa mjini. Tafuta sehemu ya wazi, simama taratibu, zima gari. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kuua, na kwa sababu wengi walioniletea gari hili gereji hapa Uyole, Mbeya, walikuwa wameendesha siku kadhaa, wengine wiki nzima, maandishi hayo yakiwa mbele ya macho yao.

Gari ninalolizungumzia ni Mercedes-Benz E-Class ya umbo la W211, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Huku kwetu utaiona ikiwa E200 Kompressor, E240, E280 au E320, na mara mojamoja E500. Ilipokuwa mpya ilikuwa gari la wakurugenzi. Leo mwenye nayo ni mwalimu, mfanyabiashara wa viazi wa Njombe, mstaafu wa Mafinga. Ni gari zuri, limetulia barabarani, na nikipewa safari ya kwenda Dar usiku ningelichagua kabla ya magari mengi mapya. Ila kilichoshuka ni bei ya kulinunua. Bei ya spea zake haijashuka, na ndiyo maana inauma sana kuona mtu amenunua spea ya shilingi milioni kwa ugonjwa ambao haukuwa huo.

Kabla hujabadili chochote, jua ugonjwa ulionao ni wa kundi gani. Kuna makosa ambayo kiwanda chenyewe kilikiri, kikatoa wito magari yarudishwe yatengenezwe bure. Kuna yale ambayo wamiliki walilalamika kwa wingi lakini wito wa usalama haukutolewa. Na kuna uzee pamoja na matunzo mabaya, ambalo ndilo kundi kubwa kuliko yote. Fundi anayechanganya makundi haya atakuuzia pampu wakati tatizo ni betri, au atakubadilishia betri wakati pampu imekufa.

Kundi la kwanza linajulikana kwa namba ya chesisi. Ina tarakimu na herufi 17, kwenye magari haya mengi huanza na WDB211, na ipo kwenye kadi ya gari pamoja na kibao cha mlangoni. Hakikisha hizo mbili zinafanana. Kisha mpelekee wakala rasmi wa kampuni namba hiyo na umuulize maswali mawili tu: gari hili lilifanyiwa kazi zipi za wito, na zipi hazijafanyika? Gari lililotoka Japani au Uingereza linaweza kuwa lilifanyiwa zote, au mwenye gari wa kwanza aliitupa barua kapuni. Huwezi kujua kwa kuliangalia. Omba jibu la maandishi, ulitunze kwenye faili la gari.

Pedali ya breki imekuwa ngumu, inazama, au kuna maandishi mekundu

Kwanza fungua boneti. Kwenye gari la kawaida, nyuma ya silinda kuu ya breki, upande wa dereva, kuna kitu cha duara kikubwa cheusi kama sahani. Hiyo ndiyo busta, inayoupa mguu wako nguvu. Kwenye W211 nyingi za kabla ya katikati ya 2006 hukioni, kwa sababu hakipo. Magari hayo yana mfumo unaoitwa SBC. Ukikanyaga pedali, sensa inaiambia kompyuta umekanyaga kwa nguvu gani, kisha pampu ya umeme iliyokwisha jaza mgandamizo kwenye tangi lake dogo inapeleka oili ya breki kwenye kila tairi kwa kipimo chake. Ni ufundi wa hali ya juu. Ukifungua mlango asubuhi, kabla hata ya kuweka ufunguo, utasikia mngurumo mfupi mbele. Ni pampu hiyo inaamka.

Mfumo huu ukishindwa, breki haziondoki zote. Unabaki na mguu wako na breki za mbele tu, bila msaada wowote. Pedali inakwenda chini mbali kuliko ulivyozoea na inataka nguvu ya mguu mzima. Kwenye tambarare ya Chimala utasimama. Kwenye mteremko wa Kitonga, umebeba familia na mizigo, nyuma yako kuna lori la makontena, hapo ni hesabu nyingine.

Mei 2004 kampuni iliita magari takribani 680,000 duniani kwa ajili ya mfumo huu. Machi 2005 ikaita tena magari milioni 1.3, safari hii kukiwa na mambo kadhaa kwa pamoja: breki hizi, programu ya kompyuta inayosimamia betri, na kidhibiti cha umeme cha jenereta kwenye injini za silinda sita na nane. Katika toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2006, kampuni iliuacha mfumo huo kwenye E-Class na kurudi kwenye busta ya kawaida. Miaka mingi baadaye, 2018, ilirefusha dhamana ya sehemu hiyo kule Marekani hadi miaka 25. Yaani kwa gari lililouzwa kwao wanakubali kulibeba hadi lizeeke. Gari lako lililokuja kwa meli usilihesabie dhamana hiyo mpaka wakala akuambie kwa maandishi.

Sasa tafuta chanzo, na ufuate mpangilio huu, kwa sababu unaanzia kwenye rahisi.

Betri. W211 yenye SBC ina betri mbili: kubwa iko kwenye buti, ndogo iko mbele chini ya boneti. Hiyo ndogo husahaulika. Nimekutana na magari ambayo betri kubwa imebadilishwa mara tatu na ndogo haijawahi kuguswa. Umeme ukishuka, kompyuta ya breki inalalamika hata kama pampu ni nzima. Pima zote mbili asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri nzima iliyotulia usiku kucha inasoma volti 12.5 au zaidi. Kisha washa upime tena: jenereta nzima inatoa kati ya 13.8 na 14.5. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba, Makete na Njombe zikiwa na barafu alfajiri, betri dhaifu ndipo hujitangaza. Gari linalotoa maandishi ya breki asubuhi ya baridi tu, mchana likanyamaza, lipime betri kabla ya kugusa kitu kingine.

Swichi ya taa ya breki, pale juu ya pedali. Ni spea ndogo ya bei nafuu, na ikiharibika inaidanganya kompyuta kuhusu mguu wako. Ishara yake: taa za nyuma haziwaki, au zinawaka bila kukanyaga.

Oili ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa polepole, na oili yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu. Badilisha kila miaka miwili, aina ya DOT 4. Kazi hiyo kwenye SBC inataka mashine ya kompyuta, haifanyiki kwa mtu mmoja kukanyaga na mwingine kufungua nati.

Pampu yenyewe. Inahesabu kila unapokanyaga breki, na hesabu ikifika ukomo uliowekwa kiwandani inatoa maandishi mekundu na kukutaka uibadili. Hapa ndipo penye dhambi kubwa. Kuna kifaa cha kurudisha hesabu hiyo sifuri. Maandishi yanapotea, gari linauzwa, pampu inabaki ileile kuukuu.

Alinijia mzee mmoja wa Mafinga, mwaka juzi, mwezi wa nne. Nilimwamkia, akaitikia huku bado ameshika mlango wa gari, mkono unatetemeka. Alikuwa anashuka kuelekea Mbalizi pedali ikazama. Akavuta gia chini, akapita pembeni mwa daladala, akasimamia kwenye majani. "Kijana wangu, waliniambia wameshatengeneza. Nililipa." Nilipounganisha mashine, hesabu ya pampu ilikuwa ndogo kama ya gari la miezi michache, wakati gari lilikuwa na kilomita laki mbili na zaidi. Pampu ina vumbi na mafuta ya miaka, nati zake hazijawahi kuguswa na spana. Gereji aliyoilipa ilikuwa imefuta hesabu tu. Kwa hiyo ukiambiwa SBC imetengenezwa, omba kuiona pampu ya zamani, angalia kama nati za mpya zina alama za spana, na uombe karatasi ya kompyuta inayoonyesha hesabu na tarehe. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Jambo la mwisho la breki ni kwa mafundi wenzangu. Usibadili pedi za SBC bila kuuzima mfumo kwa mashine kwanza. Mtu akifungua mlango tu, au akibonyeza rimoti mfukoni, pampu inaamka na pistoni zinasukumwa kwa nguvu kubwa. Vidole vikiwa kati ya pistoni na diski, havitoki salama. Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kazi kwangu aliponea chupuchupu kwa namna hiyo: mwenye gari alikwenda kuchukua simu yake ndani. Tangu siku hiyo, pedi za gari hili zikibadilishwa hapa, ufunguo unakaa mfukoni mwangu, na mwenye gari anakaa kwenye benchi.

Kwa dereva: ukishuka Kitonga au Iwambi, usiitegemee breki peke yake. Ukiwa kwenye D, sukuma mkono wa gia kushoto, gari litashuka gia moja, injini itakusaidia kulishika. Fanya hivyo kabla ya mteremko, usisubiri harufu ya pedi kuungua.

Gari linachemsha

Hapa milima yetu ina neno lake. Maji yanayochemka Dar kwa nyuzi 100, Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, yanachemka kwa takribani nyuzi 94. Injini hizi hupenda kufanya kazi kwenye 90, na zingine hupanda zaidi ya hapo kwa makusudi. Kinachozuia maji yasichemke ni mfuniko wa tangi la rejeta. Mingi imeandikwa 140 juu yake, maana yake inashika mgandamizo wa bar 1.4, na kwa mgandamizo huo hata hapa Mbeya maji yanafika zaidi ya nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichoka, kinga hiyo imeondoka yote. Gari lililokuwa zima kabisa Dar linaanza kurusha maji likifika Iringa, na fundi anaanza kufungua silinda hedi.

Kwa hiyo anza na mfuniko. Uangalie mpira wake, ukiwa umepasuka au umekauka, nunua mwingine. Usiufungue injini ikiwa ya moto, maji yatakuunguza uso.

Baada ya mfuniko, tazama shingo za plastiki za rejeta, pale mpira mkubwa unapoingia. Plastiki ya miaka 20 inakuwa kama biskuti. Ukiona alama nyeupe au kijani iliyokauka kuizunguka, inavuja taratibu. Kisha feni: ni ya umeme, moja, inatakiwa izunguke ukiwasha AC. Isipozunguka, pima fyuzi na waya kabla ya kuilaumu feni.

Halafu kuna suala la maji ya bomba. Nimefungua rejeta za gari hili zikatoa maji mekundu kama udongo wa Rungwe. Kuluanti, ile dawa ya rejeta inayochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, si anasa. Inazuia kutu ndani ya injini ya aluminiamu, na kule Kitulo na Makete inazuia maji yasigande usiku.

Likichemsha njiani, zima AC, washa hita hadi mwisho, pandisha feni ya ndani. Utasikia joto usoni lakini unaliondoa kwenye injini. Kipimo kisiposhuka ndani ya dakika moja, simama.

Linazima lenyewe likiwa la moto, likipoa linawaka

Hii ni hadithi ya wengi waliokwama Ilula. Gari limepanda Kitonga vizuri, umesimama kununua vitunguu, unawasha, starta inazunguka, injini haikamati. Nusu saa baadaye linawaka kama hakuna kilichotokea. Kwenye E240 na E320 za petroli mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krankshafti, kidude kidogo nyuma ya injini pale inapokutana na gia boksi. Joto linaiua kwa muda, ikipoa inafufuka. Ukitaka kuthibitisha ukiwa barabarani, mwagia maji ya baridi taratibu pale ilipo. Gari likiwaka mara hiyo, umeipata. Mashine mara nyingi haionyeshi kosa lolote, ndiyo maana watu wanabadilishiwa pampu ya mafuta bure. Nunua sensa ya chapa ya kuaminika. Za bei ya kutupa nimeziona zikifa ndani ya miezi mitatu.

Kama halizimi ila linamisi na kutetemeka, uliza plagi. V6 hizo zina plagi 12, mbili kwa kila silinda. Ukilipia sita, nusu ya kazi haijafanyika.

Gia imekwama ya pili, gari halitaki kukimbia

Hapo gia boksi imejilinda. Simama, zima gari, hesabu taratibu hadi ishirini, washa tena. Mara nyingi itarudi, na utaweza kufika gereji. Hiyo haimaanishi limepona.

Kwenye gia boksi ya gia tano, anza na plagi ya umeme ya pini 13 iliyo ubavuni mwa gia boksi. Ina vimpira viwili vidogo. Vikichoka, haidroliki, yaani oili ya gia boksi, inaingia kwenye nyaya na kupanda ndani yake kama mafuta ya taa kwenye utambi, polepole, hadi kwenye kompyuta ya gia. Vuta plagi ya kompyuta hiyo uitazame: ukikuta unyevu mwekundu, umepata chanzo. Vimpira ni vya bei ndogo. Kompyuta si ya bei ndogo, ila mara nyingi inasafishika kama umewahi.

Zile za gia saba hazina ugonjwa huo. Zenyewe hufa sensa za mwendo zilizo ndani, juu ya bodi ya umeme, na kuibadili bodi kunataka iandikwe upya kwa mashine ili ilingane na gari. Usinunue ya mtumba kabla ya kumuuliza fundi kama anaweza kuiandika.

Wenye magari ya mwanzo, kabla ya mwishoni mwa 2003, naomba wasome hapa mara mbili. Baadhi ya rejeta za wakati ule zilikuwa zinapasuka ndani, kuluanti ikaingia kwenye haidroliki ya gia. Dalili yake ni mtetemo kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, kama unapita juu ya matuta madogo ya barabarani. Ikiwa kidogo huioni kwa macho. Ikizidi, haidroliki inageuka rangi ya maziwa yenye waridi. Kama rejeta yako ni ile ya kiwandani ya miaka hiyo, ibadili kabla haijapasuka. Rejeta ni nafuu kuliko gia boksi mara nyingi.

Na usiamini neno kwamba haidroliki ya gari hili haibadilishwi maisha. Kilomita 60,000, badilisha, na chujio lake pia.

Taa ya injini kwenye E280 na E350

Hizi zina injini ya V6 iitwayo M272, iliyoanza kuingia kwenye W211 mwaka 2005. Malalamiko yake makubwa yanahusu gia ndogo ya shafti ya kusawazisha mtetemo ndani ya injini. Meno yake yalitengenezwa laini, yanalika, muda wa vali unapotea. Wamiliki wa Marekani walikwenda hadi mahakamani. Haikuwa wito wa usalama, hivyo usitegemee kuipata kwenye orodha ya wakala.

Mashine ya Benz inatoa namba 1200 au 1208. Usikubali kushushwa injini kwa sababu ya namba hizo peke yake. Chukua kadi ya gari, soma namba ya injini. Kama inaanza na 272 na tarakimu sita za mwisho ni ndogo kuliko 468993, uko kwenye kundi lenye hatari. Kama ni kubwa zaidi, tafuta kwingine kwanza: sumaku za kamshafti, zilizo mbele ya injini, huvuja oili ikaingia kwenye nyaya na kutoa kosa linalofanana. Sumaku hubadilishwa bila kushusha injini. Gia ile inataka injini ishuke. Anayekuambia ataibadili bila kushusha injini hajawahi kuibadili.

E240 na E320 za zamani hazina ugonjwa huu. Ukiwa unanunua leo na pesa ni ya kubana, mimi ningechukua hizo.

Asubuhi gari limelala upande mmoja

Kama lako lina shokapu za hewa, mpira wake umepasuka. Changanya sabuni na maji, pulizia kwenye mpira gari likiwa limesimama kwa urefu wake wa kawaida, tafuta mapovu. Baridi inaukaza mpira na mpasuko unafunguka zaidi, ndiyo maana Njombe linalala na Dar halilali. Usichelewe: kompresa inafanya kazi bila kupumzika kujaza hewa inayovuja, mwisho inaungua, na badala ya shokapu moja unanunua na kompresa. Pamoja nayo badili rilei yake, ni ndogo na ndiyo inayoiachia kompresa izunguke bila kukoma.

Kamwe usiingie chini ya gari hili likiwa limeshikwa na jeki tu. Hewa ikitoka, linashuka lote.

Umeme unacheza: madirisha, waipa, taa

Tazama juu kabla ya kutazama nyaya. Mwalimu mmoja mama wa Tukuyu aliniletea gari ambalo waipa zilikuwa zinajiwasha usiku na kumaliza betri. Alikuwa ameshauriwa anunue kompyuta mpya. Nilifungua boneti, nikaondoa plastiki chini ya kioo cha mbele, nikakuta majani ya mparachichi yameoza, yamekuwa tope jeusi, yameziba matundu ya kutolea maji. Tukuyu inanyesha karibu mwaka mzima. Maji yalikuwa yamesimama kama kwenye bakuli na kumwagikia kisanduku cha fyuzi. Nilitoa tope lile kwa mikono, viganja kumi na viwili, nikahesabu. Kisanduku kikakaushwa juani siku mbili, pini zikasafishwa, gari likapona. Nilimwomba jambo moja: "Mama, gari lisilale chini ya mti." Kila mwanzo wa mvua, safisha matundu hayo.

Kioo cha paani kinapiga kelele

Upepo unalia, au maji yanaingia, au kioo kinacheza ukikisukuma kwa kiganja. Mwanzoni mwa 2020 kampuni iliita magari takribani 745,000 kule Marekani, ya miaka ya 2001 hadi 2011, E-Class ikiwemo, kwa sababu gundi inayoshika kioo hicho inaweza kuachia na kioo kikaruka barabarani. Usikigandishe kwa gundi ya dukani. Kama kinacheza, kifunge kabisa, usikifungue mwendoni, na uulize kwa namba ya chesisi.

Kama lako si W211

Wenye ML, GL na R za 2004 hadi 2015: Juni 2022 kampuni iliita karibu magari milioni moja duniani, na kule Marekani wenye nayo waliambiwa wasiyaendeshe mpaka yakaguliwe. Busta ya breki hupata kutu chini ya mpira unaoifunika, ikatoboka, nguvu ya breki ikapotea. Ukisikia mlio wa hewa inayovuja unapokanyaga, au pedali imebadilika, liache gari nyumbani ukamwite fundi.

Na kwa kila mwenye gari la zamani la kifahari, liwe Benz, BMW au Toyota Crown: taa nyekundu ya mfuko wa hewa ikiwaka usimruhusu mtu aitoe balbu au aizibe kwa utepe. Mifuko ya Takata iliitwa duniani kote, mitungi yake takribani milioni 100, kwa sababu baruti iliyomo huharibika kwa joto, unyevu na miaka, na siku ya ajali mtungi unapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kyela, pembeni ya Ziwa Nyasa, ina joto na unyevu huo wote. Lakini usijihesabu salama kwa kuwa unaishi Iringa. Gari lako lilizeeka kwingine kabla ya kufika kwako, na mchana wa jua kali ukifuatiwa na usiku wa baridi nao unaichosha baruti hiyo. Ni namba ya chesisi ileile, wakala yuleyule, swali la tatu kwenye simu ileile: mtungi wa mfuko wa hewa wa dereva na wa abiria umeshabadilishwa?